Eti Wairaqw walitoka Iraq? Wenye kujua mambo ya lugha naomba msaada

Mjukuu wa Babati

Wakuu habari za jioni. Nina swali limenikaa kichwani tangu tutoke kwenye arobaini ya bibi. Mama yangu ni Mgorowa wa Babati, baba Mrangi wa Kondoa, mimi nimekulia Arusha kwa hiyo lugha ya mama naipata nusu nusu, ile ya kuitwa kula na ya kufokewa naielewa yote, zaidi ya hapo naanza kuotea.

Sasa pale nyumbani ukazuka ubishi kati ya mjomba na binamu yangu mmoja anayesoma chuo. Mjomba anasema sisi na majirani zetu Wairaqw (Wambulu) tumetoka Iraq, jina lenyewe linajieleza, halafu hizi sauti zetu za kooni ni za Kiarabu kabisa. Binamu akasema hapana mjomba, sisi ni Wakushi, ndugu zetu ni Wasomali na Waoromo. Mjomba akamuuliza, wewe umewahi kumsikiliza Msomali ukamwelewa hata neno moja? Binamu kimya. Watu wakacheka, chakula kikaja, yakaishia hapo.

Ila mimi kinachonisumbua zaidi ni kingine. Bibi alikuwa anakaa barazani na jirani zake Wairaqw wanapiga stori kila mtu kwa lugha yake na wanaelewana vizuri tu. Lakini akija yule mzee Mburunge wa asali wanahamia Kiswahili wote. Halafu nasoma kwamba Kiiraqw, Kigorowa, Kialagwa (wale tunaowaita Waasi) na Kiburunge ni familia moja. Familia gani hii ndugu hawaelewani? Na hao wataalamu wanajuaje lugha ilikuwaje miaka elfu na zaidi nyuma wakati hakuna aliyeandika hata mstari mmoja? Naombeni majibu ya kweli, utani nimeshaupata wa kutosha msibani.

Fundi Redio

Mjomba yuko sahihi bwana. Iraq, Iraqw, unataka ushahidi gani tena, wameongeza w tu njiani wakati wanapumzika 😂

Kalamu Butu

Mjukuu pole kwa msiba kwanza. Mimi nimesoma isimu kidogo na hii familia yenu ndiyo iliyonifanya niipende, acha nijaribu, itakuwa ndefu mnivumilie.

Tuanze na Iraq tuimalize. Nchi ile kwa Kiarabu inaanza na ain, ile sauti ya kubana koo, sio i ya kawaida. Sasa cha kuchekesha ni kwamba Kiiraqw chenyewe KINA ain, wanaiandika kwa alama ya mkwaju (/), ipo kwenye maneno yao mengi tu na wanaitamka bila shida. Lakini kwenye jina Iraqw haipo! Yaani watu watoke Iraq, wawe na koo linaloweza kutamka ain kila siku, halafu waiangushe kwenye jina lao wenyewe? Mswahili akisema Iraki bila ain tunamwelewa, hana hiyo sauti. Mwiraqw hana kisingizio. Kufanana kwa majina ni kitu rahisi sana kutokea, ukikaa chini na ramani ya dunia utawapeleka watu popote unapotaka.

Na hizo sauti za kooni Wasomali wanazo pia, wao wanaiandika ain kwa c na ile h nzito kwa x. Kwa hiyo sauti peke yake haikupeleki Baghdad, inaweza kukupeleka Mogadishu vilevile.

Sasa kuelewana. Kuelewana sio kipimo cha undugu mkuu, ni kipimo cha muda tangu mtengane (na ujirani pia, nitarudi hapo). Chukua sisi Wabantu, Mswahili anasema tatu, Mgiriama anasema hahu. Ukisikia hivyo tu utasema hawa hawana uhusiano. Sikiliza tena, Mswahili moto, Mgiriama moho. Umeona? Pale mmoja anapoweka t mwenzake anaweka h, na inajirudia. Hicho ndicho wanaisimu wanatafuta, TOFAUTI zinazojirudia kwa utaratibu. Kufanana kunaweza kuwa bahati au mkopo, lakini tofauti yenye nidhamu haiji kwa bahati.

Njoo kwenu sasa. Mbili kwa Kiiraqw ni tsar, Kiburunge tsada. Tatu ni tam, Kiburunge tami. Nne ni tsiyahh, Kiburunge tsigahha. Tano ni koo'an, Kiburunge koo'ani. (Naandika kwa herufi za kawaida, kuna vitu vya kooni hapo sivitendei haki.) Angalia mwisho wa maneno, Mburunge ana irabu, Mwiraqw hana. Angalia katikati, d ya Mburunge ni r kwa Mwiraqw, na g ya Mburunge imelainika imekuwa y. Bibi yako akisikia tsigahha kwa kasi ya maongezi hawezi kuishika, lakini ukiiweka mezani pembeni ya tsiyahh undugu unaonekana.

Na hapo hapo ndipo unapopata jibu la "wanajuaje". Unajiuliza lugha mame, ile iliyozaa hizi zote, ilikuwa na ipi kati ya hizo. Irabu za mwisho kudondoka ni jambo la kawaida duniani, lakini Mburunge angejuaje aongeze a kwa tsada, i kwa tami, kila neno na irabu yake? Asingeweza kubuni, kwa hiyo zilikuwepo na Mwiraqw ndiye aliyezidondosha. G iliyobanwa katikati ya irabu kulainika hadi y ni kawaida pia, kinyume chake ni nadra. Kwa hiyo kwa nne unakuja na kitu kama *tsigahha na unaweka kinyota mbele. Kinyota maana yake "hatujaisikia, tumeihesabu". Unafanya hivyo kwa mamia ya maneno, na kila sheria ya sauti unayodai lazima ifanye kazi kote, ikikataa mahali unatafuta sababu, na mara nyingi sababu ni neno la kuazima. Hesabu za vidole hivi tu hazitoshi, nimezitumia kwa sababu ni rahisi kuzionyesha.

Hii kazi kwa hizi lugha nne ilifanywa kwa kina na Roland Kießling na Maarten Mous, kitabu chao kilitoka 2003. Wanaiita hii familia ndogo West Rift, yaani Bonde la Ufa Magharibi. Lugha nne tu zilizo hai.

Mtoto wa Dareda

Kalamu umejitahidi, mimi ni Mwiraqw wa kuzaliwa, hizo namba ziko sawa. Ila tsar hiyo ts sio kama ya tsunami jamani, inapasuka. Na sl ndio inawashinda kabisa, watu wanamtamka Slaa kama wanaanza na "sila". Hapana, ni upepo unatokea pembeni ya ulimi, kama unataka kusema l na s kwa pamoja. Tl nayo inapasukia pembeni hukohuko, shuleni mwalimu alikuwa anamwita mwenzetu Tluway "Teluwai" mpaka kijana akazoea akawa anaitika.

Mjukuu kuna kitu mjomba wako angekitumia na kingemsaidia zaidi ya jina. Sisi "wewe" tunatofautisha, mwanamume ni kuung, mwanamke ni kiing. Waarabu nao si wana anta na anti? Wabantu wote wanaotuzunguka hawana kitu hicho, kwao wewe ni wewe tu. Hiyo inakuwaje Kalamu?

Kalamu Butu

Dada (au kaka?) wa Dareda umegusa penyewe. Hapo mjomba anapata nusu maksi. Kikushi na Kiarabu ni matawi ya mti mmoja mkubwa sana unaoitwa Afro-Asia, humo wamo pia Kihausa, Kiberber na Kimisri cha mafarao. Hiyo tabia ya kugawa "wewe" ya kiume na ya kike inaonekana kwenye matawi mengi ya mti huo. Lakini mti huo ni wa zamani mno, matengano yake ni ya kabla ya Waarabu kuitwa Waarabu. Kusema mmetoka Iraq kwa sababu hiyo ni kama kusema umezaliwa na binamu yako.

Na binamu wa chuo naye asinyamaze kirahisi. Jicho kwa Kiiraqw ni ila, kwa Kisomali ni il. Mimi kwa Kiiraqw ni aning, kwa Kisomali aniga. Na ile t ya kike, fimbo ya baba unasema hhartá baaba, fimbo ni ya kike ikapewa t, sasa Msomali anasema naagta, "yule mwanamke", t ileile, na mwanaume ni ninka, na nyie k mnayo kwa upande wa kiume. Neno moja la jicho linaweza kuwa bahati, lakini viungo vidogo vidogo vya sarufi kama hivi watu hawaviazimi hovyo, ndio maana tangu zamani, na mwanaisimu Greenberg akaliweka wazi kwenye mgawanyo wake wa 1963, hizi lugha zimewekwa Kikushi.

Lakini mjomba naye asidharauliwe, hesabu za Kisomali ni kow, laba, saddex, afar, shan. Weka pembeni ya wak, tsar, tam, tsiyahh, koo'an. Hakuna kitu hapo. Ndio maana kuna ugomvi ambao haujaisha, je hii Kikushi cha Kusini, yaani kundi lenye lugha zenu, ni tawi lake lenyewe lililojitenga mapema, au ni kijitawi cha Kikushi cha Mashariki kilichoshuka kusini kikabadilika sana? Mwanaisimu Hetzron mwaka 1980 alisema ni kijitawi cha Mashariki. Mwaka huohuo Christopher Ehret akatoa kitabu kinachojenga upya Kikushi cha Kusini kama tawi zima. Mwaka mmoja, wataalamu wawili, njia mbili.

Shela Boy

Nauliza kutoka huku Lamu, Wadahalo je? Huku bara upande wa msituni wako watu hao, wachache sana, zamani wawindaji, nimesikia lugha yao ina zile sauti za kubofya kama za Wasandawe. Wakija mjini wanasema Kiswahili tu na watoto wao ndio hivyohivyo. Kuna mzungu alinambia ni ndugu za Wambulu nikaona ananicheza shere.

Kalamu Butu

Hakukucheza shere ndugu yangu, alikuwa anarudia alichosoma. Na hapa ndio utamu wenyewe wa hii familia ndogo, kwamba shida kubwa sio kujenga lugha mame, shida ni kuamua nani aingie kwenye kuijenga.

Ehret aliwaingiza wengi. Aliwachukua wale wanne wa Bonde la Ufa, akaongeza Kikw'adza na Kiasax ambazo zimekufa, akaongeza Kima'a cha Usambara, akaongeza Kidahalo cha kwenu. Akapata mame moja kubwa na ya zamani sana. Wakosoaji wakasema subiri kwanza. Kidahalo kina mibofyo, na kina maneno yanayoonekana ya Kikushi cha Mashariki, Mauro Tosco aliyeandika sarufi yake 1991 anakiona zaidi ni cha Mashariki, na inawezekana kabisa hao ni watu waliokuwa na lugha yao nyingine ya mibofyo wakahamia Kikushi wakabaki na baadhi ya maneno ya zamani. Ukimweka mtu kama huyo kwenye hesabu bila kujua kipi ni chake na kipi ni cha kuhamia, mame yako nzima inachafuka. Ni kama unatafuta sura ya babu kwa kuchanganya picha za wajukuu na za shemeji.

Kikw'adza na Kiasax nazo ni majonzi mengine. Waasax walikuwa wawindaji huko nyika ya Wamasai. Ilipokuja sotoka miaka ya 1890 ikamaliza ng'ombe, Wamasai waliofilisika wakakimbilia kwao kujifunza kula nyama ya porini, na Kimasai kikaingia nyumbani humo humo. Ng'ombe waliporudi lugha haikurudi. Mzungumzaji wao wa mwisho alifariki 1976. Kilichobaki ni orodha za maneno kutoka kwa wazee waliokuwa wanakumbuka kwa shida. Kwenye familia ya lugha mia tano kama Bantu ukikosa mbili husikii. Kwenye familia ya sita, yaani wale wanne na hizi mbili, ukikosa mbili umepoteza theluthi ya mashahidi.

Kwa hiyo Kießling na Mous wakafanya uamuzi ambao mimi binafsi naukubali japo unakatisha tamaa, wakabaki na wanne ambao tofauti zao zinajirudia bila ubishi. Mame ndogo, ya karibu zaidi, lakini unaweza kuisimamia. Ehret kwa upande wake ana haki ya kusema bila ujasiri wake wa 1980 hakuna ambaye angekuwa na kitu cha kubishia.

Mlalo Juu

Kima'a kimetajwa, hicho ni cha kwetu Lushoto, Wambugu. Bibi mzaa baba alikuwa anajua. Wana lugha mbili yaani, kuna Kimbugu cha kawaida ukisikia ni kama Kipare, halafu kuna ile ya ndani, mpangilio uleule wa Kipare, m- wa-, vi-, wakati zilezile, lakini maneno hayafanani na ya Mbantu yeyote. Sisi watoto tulidhani ni lugha ya kufichana siri. Hiyo inaingia familia gani sasa?

Kalamu Butu

Swali la kumpa mwalimu wako kama unataka atoke darasani 😅 Sarufi ni ya Kibantu, maneno mengi ya Kikushi, mengine ya Kimasai. Na hata hayo ya Kikushi hayatoki sehemu moja, yapo yanayofanana na ya Mbulu na yapo ya upande wa Waoromo. Mous ameandika kitabu kizima 2003 juu yake, na maelezo yake ni kwamba wasemaji walikuwa wameshahamia Kibantu, lakini wakatengeneza au wakabakiza msamiati wa pembeni wa kujitofautisha na majirani. Kwenye mti wa ukoo haina tawi la kukaa. Mimi ningeiweka kwenye Kibantu kwa sarufi, ila Mbugu mwenyewe akinikatalia sitabishana naye.

Kondoa Njia Panda

Jamani na Waalagwa? Mtoa mada amewataja hakuna aliyejibu. Mimi nimekaa Kolo na maeneo yale, Waasi na Warangi wameoana mpaka huwezi kuwatenga, vijana wengi wanaongea Kirangi, Kialagwa wanakijua wazee. Kwa masikio yangu mimi wako karibu na Waburunge kuliko na Wambulu.

Kalamu Butu

Masikio yako hayakudanganyi na wapo wataalamu waliowapanga hivyohivyo kwa miaka, Alagwa na Burunge upande mmoja, Iraqw na Gorowa upande mwingine. Ukihesabu tu maneno yanayofanana ndio jibu utakalopata.

Lakini hapa hesabu inakudanganya. Walipochambua mabadiliko ya zamani zaidi, yale ya ndani ya sarufi na sauti, wakakuta Kialagwa kilipitia baadhi yake PAMOJA na Kiiraqw na Kigorowa, na Kiburunge hakikuwemo. Yaani Burunge alitoka nyumbani wa kwanza peke yake, wengine watatu wakabaki. Baadaye Waalagwa wakaja kukaa jirani na Waburunge, wakaazima na kuazimana mpaka sura zikafanana. Ni kama ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja amekulia kwa jirani, anaongea kama jirani, anatembea kama jirani, ila cheti cha kuzaliwa kiko palepale. Ndio ile niliyosema juu kwamba ujirani nao una nguvu.

Na ujirani wa kwenu ni wa ajabu. Kati ya Mbulu, Babati, Kondoa na ziwa Eyasi unakuta Wakushi, Wabantu (Warangi, Wambugwe, Wanyaturu), Wadatooga ambao ni wa upande wa Niloti, na Wasandawe na Wahadzabe wenye mibofyo ambao hata wao kwa wao hakuna aliyethibitisha undugu. Sijui sehemu nyingine Afrika yenye mchanganyiko huo kwa mwendo wa basi wa siku moja. Kirangi cha baba yako Mjukuu kina vitu Wabantu wengine wanashangaa, kwenye wakati ujao kitenzi kisaidizi kinakuja NYUMA ya kitenzi kikuu. Kimbugwe nacho hivyohivyo. Muulize mzee wako aseme "nitalima" kwa Kirangi halafu sikiliza mpangilio.

Fundi Redio

Mimi nilikuja kutania nimekaa saa nzima nasoma. Swali la kweli sasa, si wapime DNA tu yaishe? Kuna ile sehemu Luxmanda huko nyanda za juu za Mbulu walichimba mifupa.

Mtoto wa Dareda

Luxmanda ni kweli ipo, wafugaji wa miaka kama 3,000 iliyopita, na mifupa ilipopimwa damu yake kweli ilikuwa na mchanganyiko wa kaskazini, hadi upande wa Mashariki ya Kati. Sasa msimwambie mjomba hiyo 😂 Lakini mifupa haisemi ilikuwa inaongea nini. Mimi mtoto wangu ana damu ya Kiiraqw pande zote mbili na anajua Kiswahili tu na Kiingereza cha katuni. Akichimbuliwa mwaka 5000 watasemaje?

Halafu Kalamu mimi ni dada. Na kamusi yetu ya Kiiraqw ya 2002 usiisahau, hao kina Mous na Kießling waliiandika pamoja na Martha Qorro, mwenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar, sio wazungu peke yao.

Kalamu Butu

Nisamehe dada, na hapo kwenye Qorro umenisahihisha vizuri.

Mjukuu wa Babati

Wakuu nimerudi, asanteni sana, sikutegemea. Nimefanya majaribio mawili.

La kwanza nilimpigia baba nikamwambia aseme "nitalima" kwa Kirangi. Akauliza kuna nini, nani anataka kulima. Nikamweleza, akasema, nikamwambia arudie polepole, na kweli kisaidizi kimekaa nyuma. Ana miaka 67 na anasema hajawahi kuliona hilo, sasa ananipigia yeye kunipa sentensi nyingine.

La pili nikampigia mjomba. Nikamsomea yote ya ain, nikamtamkia Iraq ya Kiarabu kama nilivyosikia kwenye redio, nikamwambia sasa sema Iraqw. Akasema. Nikamwambia umeona mjomba, ain haipo, na sisi ain tunayo. Akanyamaza muda mrefu nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Basi waliisahau walipovuka bahari, walikuwa na haraka."

Ila kabla hajakata ameniambia yule mzee Mburunge wa asali bado yupo na namba yake anayo. Nikienda Desemba nataka nimrekodi ahesabu moja mpaka kumi, na mjomba ahesabu pembeni yake kwa Kigorowa.

Kalamu Butu

Usiishie kumi. Muulize viungo vya mwili, nyota, mvua, wanyama wa porini, vitu visivyouzwa dukani. Na mwache aseme kwenye sentensi, Waburunge irabu ya mwisho wanaitamka kwa pumzi tu, ukiwa mbali na simu haitasikika na utarudi hapa kutuambia hawana.